Ufa uko kwenye kemia, yeye kapaka rangi sebuleni

Niseme mapema tusizungushane: faili la kijana wetu wa Columbus, anayeomba shule za podiatria, yaani udaktari wa miguu, halikuangushwa na GPA ya 2.6. Liliangushwa na uamuzi wa kwenda kusoma uzamili wa afya ya jamii huku D ya kemia ya ogani ikiwa imekaa palepale ilipokuwa. Shule tatu zimeshamwandikia kwamba haziwezi kumchukua. Ya nne imemwambia arudi na kemia.

Jumamosi nzima nilikuwa na transkripti yake mezani. Mwaka wa tatu, muhula wa vuli: Kemia ya Ogani II, krediti 4, D. Chini yake Fizikia, C. Muhula huo alikuwa akifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anatoka saa moja asubuhi, saa mbili yuko darasani bado amevaa sare ya kazi. Naelewa, na kamati za udahili zinaelewa pia, maana mafaili ya watoto wa wahamiaji wanaosoma huku wakituma hela nyumbani si mageni kwao. Mtu akipata D katika hali ile hajatenda kosa. Lakini shule za podiatria zina masomo ya lazima: biolojia krediti 8, kemia ya kawaida 8, kemia ya ogani 8, fizikia 8 na Kiingereza 6, na nyingi zinataka angalau C katika kila moja. Mwenye D hapo ana tatizo kubwa kuliko GPA ndogo. Ana sharti ambalo hajalitimiza, na uzuri wa insha hauwezi kulitimiza kwa niaba yake.

Sasa tazama alichofanya. Alichukua mkopo, akajiandikisha uzamili wa krediti 42, akakaa miaka miwili, akapata A karibu kila mahali: epidemiolojia, sera za afya, uongozi. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Mjomba, nilitaka waone nimebadilika." Nilinyamaza kidogo, kwa sababu nia ilikuwa njema na mkopo ni wake kuulipa. Lakini mwanangu, waliotaka kuona mabadiliko walikuwa wanayatafuta kwenye kemia.

Tupige hesabu. AACPMAS, ule mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya podiatria, huweka alama za uzamili kwenye safu yake, mbali na za shahada ya kwanza. Zile A za miaka miwili hazikuisogeza 2.6 hata nukta moja. Chukua njia ya pili. Krediti zake 120 kwa wastani wa 2.6 ni pointi 312. Ongeza krediti 24 tu za sayansi, ngazi ya shahada ya kwanza, zote A: pointi 96. Jumla 408, gawa kwa 144, unapata 2.83. Halafu njoo kwenye GPA ya sayansi, ambayo ndiyo macho ya kamati hukimbilia. Alikuwa na krediti 48 kwa wastani wa 2.3, ukiweka hizo 24 juu yake anafika 2.87, tena kwa zaidi kidogo ya nusu ya krediti alizozilipia kwenye uzamili. Na hiyo D nimeiacha ndani ya hesabu makusudi. Chuo chako kikiifuta alama ya zamani ukirudia somo, usidhani mfumo wa maombi nao umeifuta. Hata wenzetu wa shule za osteopathia, waliokuwa wakihesabu alama mpya peke yake, waliacha mwaka 2017. Nimelisema hili miaka yote na bado naletewa mafaili yaliyojengwa juu ya msamaha ambao haupo.

Mengine yote, yaani 501 ya MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, maombi yaliyotumwa Agosti na barua ya daktari wa miguu aliyefuatana naye kliniki, ni kazi safi.

Kilichomfanya alikimbie darasa la kemia ni aibu, na aibu hii naijua ilikotoka. Kwetu mtu aliyefeli kidato cha nne akienda kureseti, huenda kimyakimya. Ndugu huambiwa yuko kwa shangazi Morogoro. Chuoni aliyekamata sapu hujificha mabwenini likizo nzima. Tumehamia Marekani na aibu yetu tukaibeba. Kijana wa miaka 27 anaona ni heri ajitambulishe kwenye harusi kwamba anasoma uzamili kuliko kukaa kwenye maabara ya chuo cha jamii na watoto wa miaka 19 akipima tena asidi na besi. Ugonjwa wetu wa kukusanya vyeti umekula hela nyingi za vijana, na nitaendelea kuupigia kelele.

Niliwahi kuandika habari za dada mmoja wa Mombasa aliyeomba shule hizi hizi. Alianza na 2.5, pungufu ya huyu. Alirudia kemia ya ogani yote mbili, akaongeza biokemia na fiziolojia, akiwa na watoto wawili nyumbani, na hakuwa na cheti kipya cha kumwonyesha mtu. Leo anapasua vifundo vya miguu. Na William Scholl mwenyewe, aliyeanzisha shule ya podiatria Chicago mwaka 1912, alikuwa muuza viatu dukani mchana huku akisomea udaktari, akahitimu 1904. Watu hawa walikwenda kwenye kazi yenyewe.

Kuna wanaoniambia podiatria ni mlango wa nyuma, kwamba huko GPA haitazamwi. Waache. Wastani wa wanaoingia uko juu ya 3.0, na mwaka wa kwanza wa DPM, shahada ya udaktari wa miguu, ni biokemia, fiziolojia na anatomia kwa mwendo mkali. Inafuata mitatu mingine, kisha residensi ya miaka mitatu. Anayekuja kuokoa mguu wa mgonjwa wa kisukari, mguu uliokufa ganzi kiasi kwamba msumari umepita kwenye soli na mwenyewe hajui, lazima aelewe damu na neva zinafanyaje kazi. Kamati inauliza jambo moja: huyu ataumudu mwaka ule? Sera za afya hazijibu swali hilo. Kama uzamili ulikuwa lazima, angechukua wa sayansi za tiba, mfano ule wa Chuo Kikuu cha Barry kule Florida, uliotengenezwa kuwaandaa watu wa namna yake.

Mwanangu, muhula mpya unaanza Januari. Jiandikishe Kemia ya Ogani II kwanza, biokemia ifuate, na punguza zamu za usiku hata kama itabidi uhamie chumba cha bei ndogo. Shule nyingi hupokea alama za MCAT hadi miaka mitatu, kwa hiyo 501 yako bado inafanya kazi. Maombi hufunguliwa tena Agosti, na shule ya nne imeshakuandikia inachokitaka.