Kiuno cha Jiko

Jiko la mabati matupu, lile la pipa kuukuu, lina kosa moja la umbo: ukuta wake ndio unaoshika makaa. Lipikie githeri kwa saa tatu, liache lipoe, kisha ligongegonge kwa kijiti uone vigamba vyeusi vikidondoka. Chuma kikipita nyuzi 570 hivi, huota tabaka la oksidi lenye nafasi tele ndani yake, na chembe za chuma hupenya humo kuifuata hewa. Gamba hunenepa badala ya kuziba. Likipoa, halisinyai sawa na chuma kilicho chini, basi hupasuka na kubanduka, chuma kikabaki uchi kuungojea moto wa kesho.

Sasa litazame jiko lenye kiuno lililoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, wazo lake likiwa limeazimwa kwa jiko la ndoo la Thailand. Kwenye vibanda vya jua kali, Kitale hadi Bungoma, wanunuzi hukiona kiuno hicho kama pambo. Si pambo hata kidogo. Bakuli la udongo lenye matundu hukaa nusu ya juu, na mwinamo wa mabati ndio unaolibeba. Saruji huziba tu. Makaa yanagusa udongo, mabati yanabaki vazi. Umbo lote limepangwa ili chuma kisikutane na moto.

Isipokuwa vile vishikio vitatu vya sufuria! Hapo jiko linajikana: chuma kinarudi juu ya makaa, na ndicho kinacholika kwanza.

Tatizo hilo hilo la chuma kwenye joto kali linawakabili waundaji wa seli za fueli za oksidi imara, vifaa vya kuzalisha umeme vinavyofanya kazi kati ya nyuzi 600 na 1000, nao hawana pa kukimbilia. Bamba linalounganisha seli na seli sharti lipitishe umeme, kwa hiyo kulifunika kwa udongo hakufai. Njia mojawapo ni aloi ya nikeli yenye kromi, asilimia 20 hivi, inayojiotesha ngozi nyembamba ya oksidi ya kromi, ngozi inayokua polepole mno. Nayo ina gharama yake: penye hewa ya unyevu kromi huvukiza kidogo kidogo, ikatua upande wa seli unaopokea hewa na kuudhoofisha.

Nikeli ni ghali mno kwa vishikio vya jiko. Ila fundi anayevichomelea moja kwa moja anaharibu kazi nzuri ya kiuno. Avifunge kwa bawaba vibadilishwe vikiisha, mteja asitupe jiko zima, udongo ukiwa bado mzima, kwa sababu ya vipande vitatu vya chuma.