Tupepete Kwanza: Uhakiki wa Ziara Pepe ya Ziwa Mweru

Mkulima wa mpunga anapotaja pepe huwa na maana ya punje iliyo ganda tupu, isiyo na kiini ndani yake. Punje ya namna hiyo hufanana kabisa na nzuri kwa nje, na njia ya kuitambua ni kuitia unguni pamoja na zile nyingine na kupepeta. Siku hizi neno hilohilo limepewa kazi nyingine. Yasemwa uhalisia pepe, mkutano pepe na, katika shule zetu, ziara pepe, yaani ziara ambayo wanafunzi huifanya wakiwa wameketi darasani, kwa kutazama mahali pa mbali katika kioo cha kompyuta au cha simu. Hatudai kwamba waliotupa istilahi hiyo walikuwa wakiufikiria mpunga. Hata hivyo, maana ya mkulima yatufaa sisi walimu, kwa kuwa yatukumbusha kazi iliyo mbele yetu. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki ziara pepe kama vile tuhakikivyo kitabu cha safari: ni nani asimuliaye, aonyesha nini, aficha nini, na mwanafunzi abaki na nini baada ya yote.

Mfano wetu ni Ziwa Mweru, hasa mwambao wake wa mashariki uliopo Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia. Tulilichagua ziwa hilo kwa sababu mbili. Kwanza, somo la historia huzungumzia biashara ya misafara na dola ya Kazembe, na katika wanafunzi wetu hakuna hata mmoja atakayepata nauli ya kwenda kupaona. Pili, ziwa hilo lipo mpakani mwa Kiswahili. Nchelenge watu huzungumza Kibemba, lakini ng'ambo ya maji, katika miji ya Kilwa na Pweto nchini Kongo, Kiswahili ndicho lugha ya soko. Mwalimu wa lugha, kadhalika, ana jambo la kulitafuta huko.

Ziara yenyewe tuliitengeneza kwa kutumia Google Earth, programu iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, ambayo hukusanya picha za setilaiti na kuziunganisha hata dunia nzima ikaonekana kama tufe moja. Wanafunzi walianzia juu ya shule yao, wakapaa, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakashuka Mweru. Waliliona ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 5,100. Waliyaona mabwawa ya Mto Luapula upande wa kusini, ambako maji ni ya kina kifupi. Waliona mapaa ya nyumba za Nchelenge na Kashikishi yamejipanga kandokando ya barabara. Darasa lilishangilia. Ndipo msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona hakuna watu?" Tulikosa jibu la haraka, na swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Kabla ya kulaumu, haki yatutaka tusifu palipo na sifa. Mnamo tarehe 8 Novemba 1867 David Livingstone aliufikia mwambao wa ziwa hili. Aliyaona maji kwa macho yake, akawahoji wenyeji, akapata habari za mto utokao kaskazini mwa ziwa. Pamoja na hayo yote, alikufa mwaka 1873 akiwa bado na tumaini kwamba mfumo huo wa maji ungemfikisha kwenye Mto Nile. Ukweli ulithibitika mwaka 1877, H. M. Stanley alipoufuata Mto Lualaba hadi bahari ya Atlantiki. Mwanafunzi wetu, kwa dakika chache tu, aliufuata Mto Luvua kutoka Pweto hadi unapoingia Lualaba, na Lualaba hadi ukawa Mto Kongo, na Kongo hadi baharini. Basi tusidanganyane kwamba aliyefika ndiye ajuaye, na asiyefika hajui kitu. Kuna mambo ambayo hayaonekani ila kwa kutazamwa kutoka juu, na mkondo wa mto ni mojawapo. Katika somo la jiografia, hiyo ni punje iliyo na kiini.

Lakini jicho la juu lina upofu wake. Upofu wa kwanza ni wa wakati. Picha ya setilaiti huonyesha siku moja, nayo haisemi ni nini kilichokuwapo jana. Anayelitazama ziwa leo hawezi kujua kwamba hapo zamani samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, wala kwamba wavuvi walimtegea nyavu katika safari hiyo hiyo ya uzazi, kwa ajili ya nyama na mayai yake, hata kufikia mwaka 1950 hivi makundi hayo yakawa yamekwisha. Hawezi kujua pia kwamba tangu miaka ya 1980 riziki ya wengi imetegemea chisense, samaki mdogo mfano wa dagaa wetu, avuliwaye usiku kwa taa na kuanikwa mchangani kunapokucha. Uvuvi huo wote hufanyika gizani, ilhali picha zetu zote zilipigwa mchana. Swali la yule msichana lina jibu lake hapo: watu wapo, ila ziara yetu haikujua saa yao ya kazi.

Upofu wa pili wahusu sayansi. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazosumbuliwa sana na malaria. Mbu wanaoieneza huko ni hasa wa aina mbili: *Anopheles funestus*, apendaye maji ya kudumu yenye majani, na *Anopheles gambiae*, apendaye vidimbwi vya muda vya masika. Katika kioo cha kompyuta maji yote ni doa moja la buluu. Hatusemi kwamba picha hizo hazina faida kwa wanasayansi. Watafiti wa malaria katika wilaya hiyo wamezitumia kuorodhesha nyumba. Lakini baada ya kuziorodhesha walikwenda kwa miguu, wakabisha hodi, wakapima damu, wakanasa mbu. Kwao picha ilikuwa mwanzo wa kazi. Katika madarasa yetu yaelekea kuwa mwisho wake, na hapo ndipo ilipo hatari.

Upofu wa tatu, ambao kwetu ndio mkubwa kuliko yote, ni wa maana. Masimulizi ya bonde la Luapula yatueleza habari za mwanamke aitwaye Nachituti, ambaye mwanawe aliuawa na kaka yake mwenyewe, Nkuba, mtawala wa Washila. Nachituti alimwendea Mwata Kazembe wa Walunda akiomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, mwanamke huyo alimkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, ishara ya nchi na ziwa. Hadi leo masimulizi hayo hutajwa panapoelezwa ni nani mwenye ardhi na ni nani mwenye maji. Mwanahistoria David Gordon aliyafanya kuwa kiini cha kitabu chake kuhusu bonde hilo, kilichochapishwa mwaka 2006. Kabla yake, mwaka 1951, Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, alikuwa amekwisha kuiandika historia ya watu wake kwa Kibemba katika kitabu kiitwacho *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*. Ziara yetu pepe ilionyesha maji yote ya Mweru, lakini kile chungu haikukionyesha. Ilionyesha mstari wa mpaka wa Zambia na Kongo ukikata katikati ya ziwa, nao mstari huo ulichorwa na wakoloni. Alama ya waliokuwapo kabla yao haikuwapo.

Huenda msomaji akasema: basi tuiache kompyuta, tuvirudie vitabu vyetu vya safari. Pendekezo hilo lina uzito, kwa kuwa Kiswahili kina masimulizi ya safari ya nchi hizo hizo. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na mwishoni mwa miaka ya 1950 masimulizi hayo yalitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Humo twamsikia akieleza vita vyake na Nsama wa Itabwa, nchi iliyopo kati ya Mweru na Tanganyika. Na mwaka uleule wa 1867 alikutana na Livingstone katika pande hizo. Masimulizi yake yana kile ambacho setilaiti haina: sauti ya mtu, mzaha, hesabu ya pembe, hofu ya njaa njiani. Lakini tuyapepete nayo pia. Msimulizi ni mshindi. Wapagazi waliozibeba pembe hupita, kwa sehemu kubwa, kama umati usio na majina, na waliotekwa hawapewi nafasi ya kusema. Swali la yule msichana laweza kuulizwa hapa vilevile, tena kwa uchungu zaidi: watu hawa wako wapi?

Kwa hiyo hoja yetu si kwamba kitabu ni kizuri na kioo ni kibaya. Hoja yetu ni kwamba kila ziara ina mtungaji, hata ile inayojifanya kuwa ni jicho tupu. Tena ina mwenye mali. Kampuni ya Google ilianzisha mwaka 2015 mpango wa ziara za shule ulioitwa Expeditions. Walimu wa nchi nyingi wakaandaa masomo yao juu yake. Mwaka 2021 programu hiyo ikafungwa. Ziwa Mweru nalo hufungwa. Upande wa Zambia uvuvi hupigwa marufuku kila mwaka tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaana. Tofauti ni kwamba ziwa likifungwa, hufungwa kwa ajili ya kesho ya wavuvi wenyewe. Mwalimu hakuulizwa ni lini darasa lake lifungwe.

Hatuna budi pia kulitaja jambo lililotukera zaidi. Ziara hizi huenda upande mmoja. Mtoto wa Chicago aliye na mashine aweza kushuka Nchelenge kwa kidole kimoja. Mtoto wa mvuvi wa Nchelenge, asiye na umeme wa uhakika wala fedha za intaneti, hawezi kushuka Chicago, na hata hajui kwamba paa la nyumba yao limetazamwa. Mgeni asiyebisha hodi, kwa desturi zetu, haitwi mgeni.

Sisi bado twaitumia ziara pepe, ila sasa hatuanzi nayo. Kwanza wanafunzi husikia habari za Nachituti. Kisha huandika maswali ambayo wangependa kumwuliza mvuvi, mwuza chisense na mganga wa zahanati. Ndipo hufungua kompyuta, na kazi yao ni kuandika katika safu mbili: yale yanayoonekana, na yale ambayo hayawezi kuonekana. Mwisho huandika insha wakisema kwa sauti ya mtu mmoja wa mwambao ule. Safu ya pili ndiyo huwa ndefu, na insha zilizo bora hutoka humo. Yule msichana aliandika juu ya mama aanikaye samaki alfajiri, huku akitazama juu na kujiuliza ni nani anayemwangalia.