Wanaohesabu Pumzi Tenke

Kuhesabu pumzi za mtoto mgonjwa ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mtoto akilia, hesabu imeharibika. Akinyonya, imeharibika vilevile. Kwa hiyo relé anayeijua kazi yake hamgusi mtoto kwanza. Anamwomba mama ampakate, ambembeleze mpaka atulie, kisha ampandishe fulana taratibu hadi tumbo lionekane. Anachagua mahali pamoja pa kutazama, anapakazia macho, simu mkononi ikihesabu sekunde, na anahesabu dakika nzima. Mtoto akijigeuza katikati, anaanza upya bila kununa. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, huenda ni nimonia. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kila mtoto anapovuta pumzi, hakuna tena cha kungoja: mama afunge kitenge, waende kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Watu hawa Tenke, Fungurume na Kolwezi, mkoani Lualaba, tunawaita relé. Kwenye karatasi za serikali ni RECO. Si madaktari wala wauguzi. Ni mama anayeuza unga sokoni, mwalimu wa shule ya msingi, mzee aliyestaafu kazi ya reli, kijana anayengoja kuitwa mgodini. Wakaaji wa mtaa ndio wanaowachagua, kituo cha afya kinawafundisha, na mshahara hawana. Mpango huu una mizizi katika mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, uliotaka afya ianzie pale watu wanapoishi, na katika zoni za afya ambazo Kongo, wakati ule Zaire, ilianza kuzipanga nchi nzima miaka ya 1980. Leo zoni ni 519. Ila zoni haibishi hodi kwa mtu. Anayebisha hodi ni relé.

Tunapowashukuru, kwa kawaida tunausifu moyo wao. Ni haki yao. Lakini mimi nataka kuusifu ufundi wao, kwa sababu moyo mwema peke yake haujui kuhesabu hadi 50 huku mtoto anafurukuta.

Tenke ni njia panda ya reli. Mstari mmoja unakwenda Likasi na Lubumbashi, mwingine Kolwezi na Dilolo hadi Lobito kwenye bahari ya Atlantiki, na wa tatu unapanda kaskazini kuelekea Kamina. Juu ya hayo, shaba na kobalti za Tenke na Fungurume zinavuta watu wa kila upande, wenye ajira na wanaoitafuta. Nyumba iliyokuwa tupu wiki iliyopita leo ina watoto wanne, na muuguzi aliye kituoni hana namna ya kulijua hilo. Relé wa mtaa analijua kabla jiko la wageni halijawashwa mara ya pili. Si jambo dogo. Mwaka 2017 polio inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika ilizuka Haut-Lomami, mkoa wa Kamina, juu tu kwenye reli hiyo hiyo. Abiria anashuka na mzigo wake na mtoto wake, na hakuna anayemuuliza amepata chanjo zipi, isipokuwa jirani mwenye daftari.

Ufundi wa kwanza unafanyika mlangoni. Relé mgeni wa kazi huingia na ugonjwa mdomoni: mtoto ana homa? anaharisha? Mama anajibu hapana, hapana, na mambo yameishia hapo. Relé mkomavu anasimama nje, anabisha hodi, anangoja. "Jambo sana, mama. Batoto balilala muzuri?" Anaketi alipokaribishwa, hata kama ni juu ya bidoni ya maji. Akiona kuna nyanya, anamsalimu yeye kwanza, kwa sababu katika nyumba nyingi mama mzazi hatampeleka mtoto popote kabla nyanya hajakubali. Huku wanazungumza habari za unga kupanda bei, macho yake yanafanya kazi: chupa za maji zina vifuniko? Chandarua kimefungwa juu ya kitanda, au kimezungushiwa bustani ya lengalenga? Halaumu. Akikikuta bustanini, atauliza lini kilichanika, na kutoka hapo mazungumzo yanajiendesha yenyewe.

Kisha unatoka utepe. Ni utepe wa rangi tatu, mwepesi, na ninaupenda kuliko vifaa vyote walivyo navyo. Mwaka 1974 Adnan Shakir wa Baghdad na David Morley wa London waliandika kuhusu kipimo cha namna hii, kisichohitaji mizani, ambacho rangi zake zinatosha kumwambia mtu hali ya lishe ya mtoto. Unapima mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Relé anaukunja mkono, anatafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, anatia alama ya kalamu, halafu anaunyoosha uning'inie wenyewe. Utepe ukikazwa, nyama inabonyea na kipimo kinadanganya. Ukilegezwa, unaona mwanga kati yake na ngozi, na kinadanganya upande wa pili. Chini ya milimita 115 ni nyekundu. Kutoka 115 hadi chini ya 125 ni njano. Milimita 2 zinaweza kumhamisha mtoto kutoka rangi moja hadi nyingine, na milimita 2 ndilo kosa la mkono usio na mazoezi. Nimetazama vidole vinavyofanya kazi hii vizuri: vinalaza utepe juu ya ngozi, haviuvuti. Baada ya hapo anabonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, sekunde 3. Vishimo vikibaki, mtoto anapelekwa kituoni hata kama utepe umesema kijani, kwa maana uvimbe unaweza kuficha njaa.

Baadhi yao wamefundishwa pia kutibu malaria, kuharisha na nimonia isiyo kali, hasa vijiji vilivyo mbali na kituo. Kipimo cha haraka cha malaria kinadai tone la damu, dawa yake ya maji, na subira ya dakika 15. Dakika hizo ndizo zinazoonyesha nani ni fundi. Asiye fundi anasoma dakika ya tano, anaondoka. Fundi anazitumia kumfundisha mama kuchanganya dawa ya kuharisha, paketi moja kwa lita moja ya maji safi, na lita anaipima kwa chupa za nyumba ile ile, ili kesho mama asihitaji kumuuliza mtu. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowaua wakimbizi wa Bangladesh kambini Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis aliwakabidhi ndugu wa wagonjwa vikombe vya maji ya namna hiyo wawanyweshe wenyewe, na vifo vikapungua sana. Mikono ya ndugu na majirani ilishathibitishwa zamani.

Siku za kampeni ya polio kazi inageuka mbio. Kasha la barafu begani, chaki mfukoni. Kabla ya kufungua kila kichupa relé anatazama alama ndogo kwenye lebo, mraba ndani ya duara: mraba ukiwa umekolea sawa na duara, chanjo imeungua kwa joto, haitumiki. Matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole kidogo cha kushoto, alama ya chaki mlangoni. Nyumba iliyofungwa inaandikwa, na jioni inarudiwa. Hapo kwenye kurudi ndipo ninapowavulia kofia, kwa sababu hakuna msimamizi anayeona kama umerudi.

Shukrani isiwe kisingizio cha kutowalipa. Kenya mwaka 2023 iliwatambua wahudumu wake wa afya ya jamii wapatao 100,000, ikawapa mikoba ya vifaa na posho. Kongo inaweza kwenda njia hiyo, na Lualaba, mkoa ambao shaba yake inapita kwenye malori usiku na mchana, ina sababu ya kutangulia. Buti za mvua, tochi, karatasi za rejista na nauli ya kufika kwenye mafunzo si anasa. Anayewapenda relé ayadai hayo kwa sauti, kwenye baraza la mtaa na kwa wakubwa wa mgodi.

Na wengine waingie. Tarehe 5 Desemba ni siku ya kimataifa ya wanaojitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, na kwetu inaangukia mvua zikiwa zimeanza, mbu wamezaliwa, madimbwi yamejaa kati ya nyumba. Mtaa ambao mwaka jana relé mmoja aliumudu, mwaka huu umepanuka. Ukijua kusoma na kuandika, ukiwa unaishi hapo na watu wa hapo wanakuamini, nenda kwa muuguzi mkuu wa kituo chenu, na umwone mkubwa wa mtaa, kwa kuwa wakaaji ndio watakaokuchagua. Wanaume hasa mje. Mlango ambao baba ndiye anayetoa ruhusa, mara nyingi unafunguka upesi kwa baba mwenzake. Muda mnao, hata Jumamosi asubuhi moja. Mkishakubaliwa, ombeni kufuatana na relé wa zamani nyumba kwa nyumba, nyinyi mkishika daftari, na mtoto wa kwanza akipandishwa fulana, hesabuni naye kimoyomoyo, kisha mlinganishe namba.