Umeme Uhame Relini: Kichwa cha Treni cha Zamani Kilivyopewa Redio na Sauti

Ngara na Biharamulo hazina reli. Msafiri wa treni huifuata Isaka au Mwanza, na reli ya Isaka hadi Kigali, yenye tawi la Keza wilayani Ngara, imebaki mpango kwa miaka mingi. Treni ya mfano, hata hivyo, haingoji bajeti ya serikali: inatosha meza, reli za kuunganisha na fundi anayejua kushika solda.

Kichwa tulichokifanyia kazi Biharamulo ni cha mvuke, cha kipimo cha 1:87, cha enzi ambazo umeme wa volti 12 ulipita relini, ukaingia kwenye magurudumu na kufika kwenye mota moja kwa moja. Kiangazi, vumbi jekundu likitanda juu ya reli, kilikwama kila hatua. Wengi wakiona sasa kinaendeshwa kwa simu husifu redio. Kwa maoni yangu redio ndiyo kazi nyepesi. Kilichokiponya ni kuuhamisha umeme kutoka relini na kuuweka kwenye betri.

Kazi ilianzia kwenye mota. Katika vichwa vya zamani, kaboni moja ya mota mara nyingi hugusa chesisi, na chesisi yenyewe hubeba umeme wa reli. Weka testa kati ya chesisi na kila ncha ya mota: ikilia popote, bado hujaihami. Tulikata nyaya za magurudumu, tukatenga kaboni kwa kipande chembamba cha plastiki, kisha tukapima upya. Anayeruka hatua hii husababisha shoti na kuunguza bodi mpya siku ya kwanza.

Betri ni seli mbili za lithiamu za aina ya 18650, zile zinazopatikana ndani ya betri za kompyuta mpakato za zamani. Seli moja ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, kwa hiyo hazienei ndani ya kichwa. Tulizilaza zikifuatana katika behewa la kwanza, pamoja na bodi ya ulinzi inayozuia kujaa kupita kiasi na kuisha kabisa. Zikijaa hutoa volti 8.4. Mota ya volti 12 hapo huenda polepole zaidi, na ndivyo inavyotakiwa, maana treni za mfano nyingi hukimbia kuliko treni halisi. Chipu ya kuendesha mota, DRV8833, mwisho wake ni volti 10.8, kuipa 12 ni kuiua.

Ubongo ni ESP32, chipu ndogo yenye waifai na Bluetooth. Inatengeneza mtandao wake yenyewe, simu inajiunga, na ukurasa wenye kitelezi cha mwendo unafunguka bila bando. Lakini antena ikifungiwa ndani ya ganda la chuma la kichwa hupoteza mawimbi. Kuiweka chipu ndani ya behewa la plastiki kulimaliza tatizo hilo pia. Redio inaporusha mawimbi huvuta umeme ghafla, na volti ikishuka chipu hujizima na kuwaka upya. Kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na miguu yake ya umeme ilituliza mambo. Mapigo ya umeme wa mota tuliyapandisha hadi kilohezi 20, juu ya uwezo wa sikio, ili mlio wa mota usiharibu sauti tutakayoiongeza.

Sauti ndiyo iliyotaka akili. Kichwa cha silinda mbili hupumua mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Ukikadiria mapigo hayo kwa nafasi ya kitelezi, mlimani treni itapungua mwendo huku sauti ikikimbia. Tulichofanya ni kukata umeme wa mota kwa muda mfupi sana, kupima volti inayozalishwa na mzunguko wake, na kupanga mapigo kwa hesabu hiyo. Vifaa vya kucheza faili za MP3 huchelewa kuanza, hivyo sauti hutoka kwenye ESP32 yenyewe kupitia amplifaya ya MAX98357. Spika ya simu iliwekwa ndani ya kichwa, ikafungwa kwa kisanduku kidogo kilichozibwa kwa gundi. Bila kisanduku, mawimbi ya nyuma hufuta ya mbele na kubaki mlio kama wa nzi.

Anayetaka kuiga vichwa vya mvuke vya Garratt vya darasa la 59, vilivyojengwa na Beyer Peacock kwa Reli za Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956, ajiandae kwa zaidi: kila kimoja kilikuwa na injini mbili zisizoungana, hivyo mapigo yake huoana na kuachana. Hapo programu iendeshe mapigo mawili yenye tofauti ndogo ya kasi.

Kati ya behewa na kichwa zinapita nyaya nne tu, mbili za mota na mbili za spika, kwa plagi ya kuchomoa. Mwenye pesa kidogo aanze na kuhami mota na kufunga betri. Redio ifuate, na sauti ingoje mfuko utakapojaa.