Sekunde Ngapi Kati ya Picha na Picha?

Mwaka 2015 mpigapicha Mmarekani Stephen Wilkes alijifungia kwenye kibanda cha kujifichia, futi 18 kutoka ardhini, mbele ya dimbwi la maji katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Alikuwa amefuata msafara wa nyumbu, akakuta ukame. Basi akatafuta mahali ambapo wanyama wangelazimika kufika wenyewe, akakaa hapo saa 26 bila kuhamisha kamera. Alipiga picha takriban 2,200, akachambua zilizo bora na kuziunganisha kuwa picha moja tu, yenye mchana na usiku ndani yake.

Picha hizo zingepangwa kuwa video ya picha 25 kwa sekunde, zingetoa sekunde 88. Hiyo ndiyo hesabu ya video za kubana muda, zile zinazoonyesha wingu la saa nzima likipita kufumba na kufumbua. Tofauti ni kwamba Wilkes aliamua mwenyewe kila mara abonyeze lini. Kamera ndogo aina ya GoPro haina akili hiyo. Inapewa pengo la muda kati ya picha na picha, kisha inabonyeza bila kujali kama mbele yake pana simba au pana vumbi. Ikiachwa saa 26 kwa pengo la sekunde 5, itarudi na picha 18,720, yaani video ya dakika 12 na ushei. Nani ataitazama?

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kubonyeza: kujua kitu kinachopigwa kinakwenda kwa kasi gani. Nyumbu wanaovuka Mto Mara pale Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kati ya Julai na Oktoba, wanahitaji pengo la nusu sekunde au sekunde moja. Likizidi hapo, mnyama anaonekana kurukaruka kutoka sehemu moja ya mto hadi nyingine. Hata hivyo, kusema kweli, kivuko si kazi ya kamera hii. Lenzi yake ni pana mno. Ndani ya hifadhi haruhusiwi mtu kushuka garini ovyo, na kwa umbali wa gari kundi zima la nyumbu hutoka kama siafu.

Upana huohuo, unaoharibu kivuko, ndio unaofaa mawingu ya Tarime, wilaya ya Mkoa wa Mara. Mchana upepo wa Ziwa Viktoria huingia nchi kavu, hukutana na upepo wa mashariki, na hewa yenye unyevu hupanda juu ya vilima. Alasiri mawingu hujengeka yakirundikana, na mara nyingi hufungua mvua. Stendi ikisimikwa kwenye kilima, kamera ikielekezwa mahali mawingu yanapozaliwa, pengo la sekunde 5 kwa saa moja hutoa picha 720, karibu sekunde 29 za video. Betri ya kamera hizi haivumilii kazi ndefu, kwa hiyo pawabenki ni lazima. Lakini kifuniko cha pembeni kikifunguliwa ili waya uingie, kamera inapoteza kinga yake dhidi ya maji, na huku mvua yenyewe ndiyo inayosubiriwa. Mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, lenzi ikiachwa wazi, hutosha.

Usiku mambo hugeuka. Kamera huacha lenzi wazi hadi sekunde 30 kwa kila picha, ikinywa mwanga wa nyota. Tarime iko takriban digrii moja tu na ushei kusini mwa ikweta, na hilo linaonekana kwenye video: ukielekeza kamera mashariki, nyota hupanda karibu wima, ukiielekeza kusini, huzunguka nukta iliyo karibu kabisa na upeo wa macho, nusu ya duara ikiwa imezama chini ya ardhi. Mpigapicha wa Ulaya hawezi kuipata sura hiyo nyumbani kwake. Alfajiri umande hutanda kwenye kioo, na kitambaa kikavu kisipokuwa karibu, sehemu ya mwisho ya video huwa ukungu mtupu.

Machweo ndiyo huwaponza wengi. Mkoa wa Mara uko kaskazini-magharibi mwa nchi, kwa hiyo jua huzama kuelekea saa moja kasoro jioni, si saa kumi na mbili kamili. Likishazama, mwangaza wa kutosha kuona ardhi hubaki dakika ishirini na kidogo tu, kwa kuwa karibu na ikweta jua hushuka wima. Kwa pengo la sekunde 5, dakika 20 hizo ni picha 240, video isiyofika sekunde 10. Kwa sekunde 2 zinakuwa 600, sekunde 24. Rangi ya mwanga nayo ifungwe mapema kwenye mipangilio. Ikiachwa ijirekebishe yenyewe, kamera itaudhani wekundu wa anga ni kasoro, iuondoe.