Je, Ustadi Huhalalisha Dau? Uhakiki wa Hoja ya Karata na Biashara ya Fedha

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Tumeletewa waraka ulioandikwa na kijana wa Kiislamu anayesoma chuo na kuishi Nyegezi, Mwanza. Ndani yake analinganisha ujuzi wa mcheza karata za poka na ujuzi wa mtu anayeuza na kununua fedha za kigeni kwa mtandao, jambo ambalo vijana huliita foreksi. Mwishoni anauliza: baba yake, mchuuzi wa dagaa, amemtumia ada ya muhula wa pili, je, anaruhusiwa kuiingiza humo kwanza, maadamu amejifunza vya kutosha? Tumeona tuuhakiki waraka huo hadharani bila kumtaja mwenyewe, kwani hoja yake si yake peke yake.

HOJA YENYEWE

Anasema kijana wetu kwamba poka si bahati tupu. Mchezaji hupewa karata mbili za siri, na nyingine tano hufunuliwa mezani hatua kwa hatua. Lazima apime uwezekano wa kushinda, ajue kiasi cha kuweka, azuie hasira anaposhindwa, na ajue wakati wa kuziacha karata zake. Mfanyabiashara wa fedha naye anahitaji hayo hayo. Analeta na ushahidi. Kampuni ya Susquehanna ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1987, huwafundisha vijana wake poka ili wawe wafanyabiashara wazuri wa masoko ya fedha. Edward Thorp, mwanahisabati, alitoa mwaka 1962 kitabu cha kuishinda karata ya ishirini na moja, kisha akaingia katika biashara ya fedha na kufaulu. Kutokana na hayo anahitimisha: kamari ni bahati, foreksi ni ujuzi, basi foreksi si kamari.

Tunakiri kwamba ushahidi huo ni wa kweli, na kwamba ujuzi huo unafanana. Lakini hitimisho halitoki humo. Bali ukiutazama vizuri, ushahidi huu unamgeukia mwenyewe: ikiwa poka nayo ni ujuzi, na bado ni kamari, basi ujuzi hauwezi kuwa ndio unaoitoa foreksi katika kamari.

WANACHUONI WALISHALIZUNGUMZA

Suala la bahati na ustadi si geni katika Fiqhi. Wanachuoni wa Kishafii walitofautisha nardi, ambayo huchezwa kwa dadu, na sataranji, ambayo huchezwa kwa fikra. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaj, kitabu kinachojulikana sana kwa wanafunzi wa Kishafii, ameiharamisha nardi kwa kauli iliyo sahihi, na sataranji akaihesabu makuruhu. Kisha akaeleza kwamba sataranji ikiwekewa mali na pande zote mbili, inakuwa kamari.

Tuzingatie hapo. Hakuna mchezo wenye ustadi mwingi na bahati chache kuliko sataranji. Hata hivyo dau la pande mbili liliutia katika hukumu ya maysir, ambayo Allah ameiharamisha katika Suratul Maidah (5:90-91). Kwa hiyo ustadi unaweza kupunguza ubaya wa mchezo wenyewe, lakini hauligusi dau.

Atakayesema kwamba sharia imeruhusu zawadi katika mashindano, tutamwambia kweli: Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai imetaja mashindano ya ngamia, farasi na mishale. Hayo ni mambo ya kujiandaa kwa jihadi, nayo wanachuoni wameyawekea masharti wakikhitilafiana katika baadhi yake. Ikiwa ustadi peke yake ungetosha, kuyataja hayo matatu kungekuwa na maana gani?

HATARI YA DAGAA NA HATARI YA DAU

Hoja ya pili ya waraka ni nzito zaidi. Anasema: baba yangu naye anabahatisha. Ananunua dagaa waliovuliwa usiku kwa taa. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, wanaoza. Akifika soko la Mwaloni Kirumba akakuta bei imeanguka, anapata hasara. Tofauti iko wapi?

Tofauti ameieleza Ibnul Qayyim katika Zad al-Maad, kwamba hatari ni za aina mbili: hatari ya biashara, ambapo mtu hununua kitu kwa nia ya kukiuza na kupata faida huku akimtegemea Allah, na hatari ya maysir, ambayo ni kula mali kwa batili. Mzee ana dagaa. Amewamiliki, wako katika dhamana yake, na mvua ikiwaharibu ni mali yake iliyoharibika. Akiwauza, mnunuzi wa Kongo au wa Burundi anapata chakula na yeye anapata bei: wote wawili wameondoka na kitu. Poka haina bidhaa. Shilingi anayoshinda mmoja ndiyo aliyopoteza mwenzake, na mwenye nyumba hukata fungu lake kila mara.

Na hata katika samaki sharia imeweka mpaka. Imepokewa na Ahmad kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) katazo la kununua samaki aliye majini, kwa kuwa ni gharari, na wanachuoni wa Hadithi wameona iliyo sahihi ni kuwa hayo ni maneno ya Ibn Mas'ud mwenyewe. Mvuvi hodari wa Nyegezi anaweza kujua samaki walipo, lakini ujuzi wake haumpi ruhusa ya kuuza asichokishika.

FOREKSI IKO UPANDE GANI?

Sasa tuutazame mkataba, si ujuzi. Kijana anaweka dola 100, na wakala anamkopesha kwa kipimo cha 1 kwa 500, hivyo anasimamia dola 50,000. Bei ikisogea kinyume chake kwa asilimia 0.2 tu, dola zake 100 zimekwisha. Mara nyingi hakuna fedha yoyote iliyokabidhiwa. Kilichopo ni mkataba wa kulipana tofauti ya bei. Ilhali Hadithi ya Ubada bin Samit (R.A.) katika Muslim inataka mabadilishano ya aina hii yawe mkono kwa mkono. Akiulaza mkataba usiku, hutozwa riba. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliharamisha biashara ya namna hii mwaka 2006, kwa sababu miongoni mwake ni riba hiyo, na mkopo uliofungamanishwa na sharti la kufanya biashara kupitia kwa wakala. Akaunti zinazoitwa za Kiislamu huondoa riba ya usiku, lakini suala la makabidhiano linabaki.

Na huo ujuzi wenyewe haukuwafaa wengi. Mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika mikataba hii hupata hasara. Huko Brazil, watafiti waliwafuatilia watu waliong'ang'ania biashara ya siku kwa siku kwa zaidi ya siku 300. Asilimia 97 walipoteza.

UJUZI AMBAO WARAKA HAUKUUTAJA

Poka inahitaji ujuzi mmoja zaidi: kuficha ulicho nacho na kumtisha mwenzako kwa usichokuwa nacho. Biashara ya Muislamu ni kinyume chake. Katika Hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, baraka ya wauzaji na wanunuzi imefungamanishwa na ukweli na kubainisha aibu ya bidhaa. Mchuuzi anayefunika dagaa wabichi kwa wakavu juu ya gunia ameingia katika onyo la Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula akakuta unyevu chini.

Hata hivyo, hatuwaungi mkono baadhi ya ndugu zetu wanaosema kila kinachofanyika kwenye kioo cha simu ni kamari. Kubadilisha fedha papo hapo kwa makabidhiano ni halali, na kununua hisa za kampuni yenye shughuli za halali katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, ni kumiliki sehemu ya mali. Kosa lao ni lile lile la waraka: wametazama chombo, naye ametazama ustadi, na wote wameuacha mkataba.

Kijana wetu, ada hiyo ni amana. Baba yako ameitoa kwa jambo moja. Kuipeleka kwingine bila idhini yake ni khiyana hata kama biashara ingekuwa halali. Ilipe chuoni. Na kama umeshaingiza ya muhula uliopita, mwambie mzee ukweli kabla hajaambiwa na wengine. Uvumilivu na hisabati ulizojifunza hazitapotea. Dagaa wa baba yako nao wanahitaji mtu wa kuwapigia hesabu.

Wallahu a'lam.