Sifa za Merengi

Miongoni mwa vitamutamu vyote vitokavyo katika tanuri la nyumbani, sikijui kimoja kinachotaka vitu haba na stahamala nyingi kama merengi, kwa kuwa mwenye kuzioka hahitaji unga, wala siagi, wala maziwa, bali ute wa mayai, sukari, tone la siki au maji ya ndimu, na mkono usiochoka upesi. Asili yake ni Ulaya, na jina lake lilikwisha pigwa chapa mwaka 1692 katika kitabu cha François Massialot, mpishi wa Kifaransa, zama ambazo mayai yalipigwa kwa nguvu za mkono tu.

Kazi huanzia katika kutenga ute na kiini, na hapo pana hatari, kwani kiini kina mafuta, na kidogo tu kikiponyoka kikaingia bakulini, povu huweza kukataa kuumuka ijapokuwa mpigaji atapiga hata Magharibi. Wapishi wa Kifaransa walilipenda bakuli la shaba nyekundu, wala haikuwa fahari tupu, maana shaba hushikamana na protini za ute na kulipa povu uthabiti. Lakini ustadi hasa umo katika kutia sukari, ambayo haimwagwi yote kwa mara moja, bali kijiko baada ya kijiko, takriban gramu 50 kwa ute wa yai moja, baada ya povu kwisha kuwa jeupe na laini. Na kila mara mpishi huchovya, akasugua baina ya kidole gumba na cha shahada, na akihisi chembechembe huendelea kupiga, kwa sababu sukari isiyoyeyuka huja kutoka machozi ya shira juu ya biskuti. Povu lililotimia hung'aa, na mchapo ukiinuliwa huacha ncha iliyosimama. Mashine ya umeme huyafanya hayo kwa dakika chache, nami siilaumu, ila vidole haviwezi kuachiwa mashine.

Katika uokaji, nauona utaratibu wa kale wa majumbani Marekani kuwa bora kuliko mwingine wowote: tanuri hutiwa moto hadi nyuzi 180, sinia huingizwa, moto huzimwa papo hapo, na mlango haufunguliwi mpaka asubuhi. Anayeziacha motoni zikageuka rangi ya kahawia hajaelewa kuwa merengi hukaushwa, wala hazichomwi.

Basi nawe uliye Tanga, Mombasa au Unguja, jiepushe kuzioka wakati wa masika, na zikishapoa zitie mara moja katika mkebe wenye kifuniko cha kubana, kwani sukari huvuta maji ya hewani na kuzifanya zinate. Na vile viini vilivyobaki vipikie kastadi siku iyo hiyo.